Neno Lililotunzwa Kifuani: Chuo cha Veda cha Thrissur



Wiki hii nawaalika tuvuke bahari kwa fikra. Pepo za msimu ambazo kwa karne nyingi zilivuma nyuma ya majahazi yetu ndizo zilizomtoa Vasco da Gama Malindi mwezi wa Aprili 1498 na kumfikisha Kozhikode, pwani ya Malabar, mwezi uliofuata. Mtakatifu Fransisko Ksaveri naye alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Malabar hiyo leo ni sehemu ya jimbo la Kerala, nchi walikotoka baadhi ya mapadre na masista wanaotuhudumia Afrika Mashariki. Katikati ya Kerala upo mji wa Thrissur. Ni mji wenye makanisa makubwa na Wakatoliki wengi, na katika mji huohuo, karibu na hekalu kuu la Vadakkunnathan, kipo chuo cha kale ambacho wenyeji hukiita Brahmaswam Madham. Hapo ndipo watoto wa Wanambudiri, yaani Wabrahmani wa Kerala, wamekuwa wakifundishwa Rigveda tangu karne nyingi zilizopita.

Mgeni anayezuru chuo cha namna hii akitarajia maktaba, ubao na madaftari hustaajabu. Hukuta wavulana wameketi sakafuni, vifua wazi, uzi mtakatifu umepita begani, nao wanamkabili mwalimu. Mwalimu hutamka kifungu kifupi, nao hukirudia kwa sauti moja, tena na tena, hadi kikae. Mwanafunzi akiwa mchanga, mwalimu humshika kichwa kwa mkono na kukielekeza chini au juu kufuatana na mkazo wa kila silabi. Baada ya muda mkono huondoka na kichwa huenda chenyewe. Hivyo mtoto hushika maneno kwa masikio, kwa ulimi na kwa shingo yake pia. Maana ya maneno hayo kwa kawaida huja baadaye, na kwa wengine haiji kabisa, kwa kuwa Kisanskriti cha Veda ni cha kale mno. Kazi ya kwanza ni kupokea bila kupunguza wala kuongeza.

Rigveda ni mkusanyo wa tenzi 1,028, uliogawanywa katika vitabu 10, wenye beti zaidi ya 10,000. Wataalamu wengi hukadiria kwamba tenzi hizo zilitungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo. Nakala ya kale zaidi yenye tarehe, miongoni mwa zile zilizohifadhiwa katika Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune, ni ya mwaka 1464. Kwa sehemu kubwa ya umri wake, basi, maandiko hayo yalisafiri kwa sauti, kutoka kinywa hadi sikio. Friedrich Max Müller alipoyachapa huko Uingereza kati ya mwaka 1849 na 1874, alitegemea nakala za mkono. Lakini wakariri wa pande mbalimbali za India, wasiojuana wala kuonana, waliyatamka maneno yaleyale karibu bila tofauti.

Je, yaliwezekanaje hayo? Wazee wa Veda walitambua kwamba kumbukumbu ya binadamu ni kama ghala lenye panya, wakaweka ulinzi juu ya ulinzi. Kwanza mwanafunzi hujifunza ubeti kama unavyoimbwa, maneno yakiwa yameungana. Kisha hujifunza neno mojamoja, kila neno peke yake. Baada ya hapo huingia katika mipango migumu zaidi. Tuchukue sentensi ya kawaida ya kwetu: "Mvua inanyesha shambani leo." Kwa mpango uitwao krama mwanafunzi angesema: mvua inanyesha, inanyesha shambani, shambani leo. Kwa mpango wa jata angesema: mvua inanyesha, inanyesha mvua, mvua inanyesha, kisha inanyesha shambani, shambani inanyesha, inanyesha shambani. Mpango wa ghana hupita yote: mvua inanyesha, inanyesha mvua, mvua inanyesha shambani, shambani inanyesha mvua, mvua inanyesha shambani, ndipo husogea neno moja mbele na kuanza upya. Kwa njia hiyo neno lililo katikati ya ubeti mrefu hutamkwa mara 13, mbele na nyuma, na jirani zake wa pande zote mbili. Neno likidondoka au likibadilishwa, mpango mzima hukwama na kosa hujulikana papo hapo.

Wala mtu hakuachwa ajisifu peke yake. Huko Kadavallur, kaskazini mwa Thrissur, katika hekalu la Rama, wanachuo wa Thrissur walikutana kila mwaka na wenzao wa Thirunavaya katika mashindano yaitwayo Anyonyam. Mmoja alikariri mbele ya wazee wa pande zote mbili, nao wakasikiliza wapi atateleza. Kufaulu kulikuwa heshima ya ukoo mzima. Kwa hiyo usahihi ulilindwa na jumuiya, ambayo ilisikiliza kwa masikio makali.

Wapendwa, jambo hili lisitushangaze kana kwamba ni la watu wa mbali mno. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, uliagiza kwamba atakayepewa daraja ya uaskofu sharti aijue Zaburi yote kwa moyo. Wamonaki waliimba Zaburi gizani bila kitabu. Na wengi wa wazee wetu vijijini walipokea sala na katekisimu kwa kukariri, mbele ya katekista aliyekuwa na kitabu kimoja tu kwa kigango kizima. Kilichowekwa kifuani hakikunyang'anywa na mvua, mchwa wala vita.

Hata hivyo historia hutudai tuseme yote. Ghala hili lililotunzwa vema hivyo lilikuwa na mlango mwembamba sana. Kwa sheria ya mapokeo, Veda ilifundishwa wavulana wa matabaka ya juu, na huko Kerala waliokuwa walinzi wake hasa ni Wanambudiri. Wanawake wa nyumba zao wenyewe hawakuruhusiwa kuikariri. Watu wa matabaka ya chini hawakupaswa hata kuisikia. Katika Kerala hiyohiyo watu waliohesabiwa kuwa najisi walizuiwa hata kupita barabara zinazozunguka baadhi ya mahekalu, ndipo yakatokea maandamano ya amani ya Vaikom mwaka 1924 na 1925. Mwaka 1936 Maharaja wa Travancore alitoa tangazo la kuwafungulia Wahindu wa matabaka yote milango ya mahekalu ya serikali yake. Nasi Wakristo tusijitoe katika hesabu hiyo: ubaguzi wa tabaka uliingia pia makanisani nchini India, na maaskofu wa huko wamelazimika kuukemea mara kwa mara.

Wanambudiri wenyewe nao walibadilika. E. M. S. Namboodiripad, aliyezaliwa mwaka 1909 katika familia ya makabaila wa kundi hilo, alikaririshwa Rigveda utotoni kabla ya kuingia shule ya kisasa. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa jimbo la Kerala mwaka 1957, kiongozi wa Kikomunisti, na serikali yake ilianzisha mabadiliko ya umiliki wa ardhi. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1970 ilimaliza ukabaila, na wakulima waliolima mashamba ya wengine wakapata haki zao. Haki hiyo ilikuwa njema. Lakini kodi za mashamba ndizo zilizokuwa zikilisha walimu, wanafunzi na ibada za Veda. Chakula kilipokoma, wazazi waliwapeleka watoto wao kusomea uhandisi na udaktari. Nani angewalaumu?

Ndiyo maana mwaka 1975 mtaalamu Mholanzi, Frits Staal, alipoona hatari ya ibada ya Agnicayana kutoweka, alishirikiana na Wanambudiri kuifanya katika kijiji cha Panjal, ambacho familia zake chache zilikuwa zimehifadhi namna ya pekee ya kuimba Samaveda. Kwa siku 12 za mwezi wa Aprili, madhabahu ya matofali yenye umbo la ndege ilijengwa, tenzi zikaimbwa, na kamera zikanasa yote. Palitokea ubishi mkali kuhusu mbuzi ambao mapokeo yaliwataka watolewe sadaka. Mwishowe vilitumika vifurushi vya unga wa mchele vilivyofungwa katika majani ya migomba. Hivyo hata watu wanaohesabika kuwa walinzi wakali kuliko wote walikubali kwamba kuna mahali pa kutobadilisha silabi moja, na mahali pa kusikiliza dhamiri ya wakati wao.

Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza ukariri wa Veda kuwa hazina ya binadamu wote, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake ya urithi usioshikika. Shirika hilo lilieleza kwamba kati ya matawi zaidi ya elfu moja ya ukariri yaliyopata kuwako, yaliyosalia ni 13 tu. Leo wapo Kerala wanaofundisha Veda wanawake na watu wa matabaka yote, jambo ambalo bado linabishaniwa. Lakini swali linaeleweka kwa kila mmoja wetu: je, urithi huokolewa kwa kuufungia au kwa kuugawa?

Kanisa nalo lina kurasa zake katika historia hii, nazo ni za aina mbili. Ukurasa mmoja ni wa aibu. Mwaka 1760 mwandishi Mfaransa Voltaire alipewa maandishi ya Kifaransa yaitwayo Ezourvedam, akaamini ni hekima ya kale ya Wabrahmani, akayakabidhi maktaba ya mfalme. Mwaka 1782 msafiri Pierre Sonnerat aliandika kwamba hiyo si Veda kamwe, ila ni kazi ya mmisionari. Wanahistoria hubishana ni padre gani aliyeiandika na kwa nia gani, ila wengi hukubali kwamba ilitoka mikononi mwa Wajesuiti wa Ufaransa waliokuwa India. Kuvisha mafundisho yetu vazi la kuazima bila kusema ni la kuazima hakujengi imani.

Ukurasa wa pili ni mzuri, nao umeandikwa karibu kabisa na Thrissur. Johann Ernst Hanxleden, Mjesuiti aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1681, alifika India akiwa kijana, akakaa Velur, ambako alijenga kanisa. Watu wa Kerala humwita Arnos Pathiri, yaani Padre Arnos. Mapokeo husimulia kwamba Wabrahmani wawili walikubali kumfundisha Kisanskriti, jambo lisilo la kawaida kwa mgeni wa siku zile. Padre huyo aliketi mwanafunzi. Akaandika sarufi ya Kisanskriti kwa Kilatini, akatunga kwa Kimalayalam utenzi wa maisha ya Yesu uitwao Puthen Pana, ambao familia za Kikristo za Kerala huuimba hata leo wakati wa Kwaresima. Alifariki Pazhuvil mwaka 1732, na inasimuliwa kwamba aliumwa na nyoka. Sarufi yake ilimsaidia Mkarmeli Paulinus a Sancto Bartholomaeo kuchapa Roma, mwaka 1790, sarufi ya kwanza ya Kisanskriti kupigwa chapa Ulaya. Kisha maandishi ya Hanxleden yakapotea machoni pa watu hadi mwaka 2010, yalipopatikana katika konventi ya Wakarmeli huko Montecompatri, Italia.

Tazameni tofauti ya kurasa hizo mbili. Mwandishi wa Ezourvedam alitaka kuzungumza kwa kinywa cha Mbrahmani. Arnos alikubali kwanza kuwa sikio lake. Wa kwanza alifichuliwa. Wa pili bado anaimbwa. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa tamko la Nostra Aetate, uliwataja Wahindu kwa jina, ukafundisha kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine. Kwa kufundisha hivyo Mtaguso ulilipa Kanisa zima mwongozo ambao padre huyo wa Velur alikuwa ameanza kuufuata zaidi ya miaka mia mbili na hamsini kabla.

Basi, tukirudi majumbani mwetu, tujiulize mambo mawili. La kwanza: je, tunacho chochote tunachokijua kwa moyo, ambacho simu ikizimika na umeme ukikatika bado tutakuwa nacho? Mtoto wa Thrissur hushika maelfu ya beti. Mtoto wa jumuiya yetu ndogo ndogo ashindwe kushika Zaburi moja kwa sababu hakuna mzazi aliyeketi naye jioni? La pili: tulichopokea tunampa nani? Yupo binti, yupo mjane, yupo mfanyakazi wa nyumbani ambaye hukaa nyuma kabisa ya kanisa kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hazina hii ni yake pia. Walinzi wa Veda walitufundisha kutunza bila kupoteza silabi. Historia yao inatufundisha pia kwamba mlango ukibanwa mno, siku moja ndani ya ghala hubaki nafaka nyingi na walaji wachache.

Chagueni wiki hii Zaburi moja fupi. Mjifunze nyumbani, wakubwa kwa wadogo, mkirudia kwa sauti hadi ikae. Na anayeijua amfundishe jirani asiyejua kusoma.