Mafuta ya pamba kwenye gitaa la mjomba

Mwenzenu nilipotea kidogo, pilikapilika za chumba cha habari mnazijua wenyewe. Leo naomba tuiache siasa ipumzike. Nataka kuzungumzia uchafu. Tena uchafu wa miaka kama arobaini, ulioganda kwenye gitaa la mjomba wangu wa Busisi.

Waliokulia Mwanza wataikumbuka Busisi kwa foleni ya kivuko. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, ulikuwa unasubiri mpaka unazoeana na muuza mihogo. Mjomba alikuwa akikaa pale na gitaa lake, abiria wanamtupia chochote. Sasa magari yanapita juu ya maji, kilomita kama 3, dakika chache tu uko ng'ambo. Hakuna wa kumsikiliza. Na vidole vyake navyo vimeanza kukakamaa. Mwezi uliopita akanikabidhi gitaa: "Wewe msomi, kalisafishe. Likiwa laini nitajaribu tena."

Nililiangalia nikachoka. Ule ubao wa shingo, wenye freti, ulikuwa na ukoko mweusi unaonata kama sufuria ya ugali iliyosahaulika.

Kwanza mjue lilifikaje kwake. Enzi za dansi, mpigaji kumiliki gitaa lake halikuwa jambo la kawaida. Bendi zilikuwa na wenyewe: NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU. Vyombo vilinunuliwa na mwenye bendi, mwanamuziki akalipwa mshahara. Akihama, anahama na vidole vyake tu. Huku kwetu mwenye bendi alikuwa mwenye baa, lakini utaratibu ni ule ule. Bendi ya mjomba ilipokufa katikati ya miaka ya 80, tajiri hakuwa na pesa za malimbikizo, akampa gitaa. Kwa hiyo ninachokisugua ni mishahara ya mtu!

Sasa huo ukoko. Mkumbuke hali ya miaka ile: vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vimetuachia madeni, fedha za kigeni hakuna, sabuni na sukari ni za kupanga mstari, mwaka 1983 Sokoine anawasaka wahujumu uchumi. Nani angeagiza mafuta ya gitaa? Mjomba alichukua yaliyokuwa jikoni, na jikoni kwa Msukuma ni mafuta ya pamba. Pamba ndiyo iliyoijenga kanda hii. Mwaka 1955 wakulima waliunganisha vyama vyao, kina Paul Bomani wakiwa mbele, wakapata Victoria Federation of Co-operative Unions. Nyuzi zinasafirishwa, mbegu inakamuliwa, mafuta yanakaangia sato.

Kwa sato ni matamu. Kwa gitaa ni balaa. Mafuta ya pamba yakikaa hewani yanavuta oksijeni polepole, yanakuwa mazito, mwisho yanakuwa gundi. Gundi inakamata jasho, vumbi na ngozi ya vidole. Mjomba akiona ubao umekuwa mgumu anaongeza mengine... miaka arobaini!

Watu wa mjini mtasema kanunue "lemon oil". Mengi ya hayo ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu ya limau, ndugu zangu. Ndugu yake wa karibu yuko kwenye meza ya mama mwenye mtoto mchanga: yale mafuta maangavu ya watoto, ilimradi lebo iseme ni ya madini. Hayakauki wala hayachachi. Na tafadhali msikamue ndimu! Mafuta ya limau hutoka kwenye ganda. Maji yake ni asidi inayokula freti.

Nilitoa nyuzi, nikaziba tundu kwa kitambaa. Ukoko nikaukwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda (hatimaye imenifaa). Kisha spiriti kwenye kitambaa, kidogo kidogo, na mswaki wa zamani kandokando ya freti. Spiriti isiguse mwili wa gitaa, inaweza kuyeyusha vanishi, na kibatari kikae mbali. Steliwaya ya jikoni niliiacha, inachuna mbao.

Kitambaa kikatoka cheusi. Hapo roho ilinidunda, maana magitaa ya bei nafuu mengi yana mbao nyeupe iliyopakwa rangi. Na mjomba maisha yake yote amewaambia watu kwamba ubao ule ni mpingo wetu wa kusini, uliokwenda Ulaya ukarudi na nyuzi.

Si uongo wa kipuuzi. Mpingo huenda kweli, unatengeneza klarineti na obo, na wapo wanaoutumia kwenye magitaa. Ni wa ukoo wa Dalbergia, pamoja na zile mbao nyekundu za India na Brazili zilizotumika sana kwenye shingo za magitaa. Ukoo huo ulikatwa mpaka biashara yake ikawekewa vibali vya kimataifa mwaka 2017. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vikalegezewa mwaka 2019.

Nikaendelea kufuta. Kitambaa cha tano kikatoka safi, na chini yake haikuwa nyeusi wala nyeupe. Kahawia yenye wekundu, vinyweleo wazi. Mbao nzuri, ila si mpingo. Na kwenye freti tatu za mwanzo kuna vishimo, kila kimoja mahali pa ncha ya kidole, vilivyochimbwa na miaka ya kupiga ridhimu. Huko juu, kwa wapiga solo, ubao uko kama mpya.

Nilipaka matone machache ya mafuta ya mtoto, nikasubiri, nikayafuta yote. Kisha nikampigia simu. Nilisitasita, lakini kazi yangu ni kuripoti.

"Mjomba, ule ubao si mpingo."

Akanyamaza kidogo. "Vile vishimo umevisawazisha?"

"Hapana, vipo."

"Haya. Jumamosi ulete. Na nyuzi uweke nyembamba."