Saleh J na "Swahili Rap": Albamu ya kwanza, biti za kuazima

"Swahili Rap" ni albamu ya Saleh Jabir, anayejulikana zaidi kama Saleh J, iliyotoka mwaka 1991. Wanaofuatilia historia ya muziki wa kizazi kipya huitaja kuwa albamu ya kwanza ya rap kwa Kiswahili. Lakini ukimuuliza kijana wa Kiegeani au Kilindoni nani aliyeanza kuchana kwa Kiswahili, mara nyingi atakutajia Sugu au Profesa Jay. Jina la Saleh J limebaki kwa wachache.

Katika makala hii tunaeleza albamu hiyo ilitoka katika mazingira gani, ilifaulu wapi, ilipwaya wapi, na kwa nini bado inawahusu vijana wetu wanaorekodi leo.

Dar es Salaam ya enzi za Ruksa

Mwaka 1991 Rais alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na bidhaa za nje, zikiwemo kanda za muziki na za video, ziliingia kwa wingi kuliko miaka ya nyuma. Muziki uliotawala ulikuwa wa dansi, Msondo na Sikinde wakiwa juu, na huku kwetu pwani taarabu haikukosekana kwenye harusi.

Rap iliingia kwa mlango mwingine. Vijana wa mjini, hasa wale waliokuwa na ndugu nje ya nchi, walipata kanda kutoka Marekani, wakazirudufu na kupeana. Wengi walichana kwa Kiingereza, wengine wakikariri mistari ya Wamarekani neno kwa neno. Wazee wengi waliuona huo ni uhuni mtupu.

Nafasi ya kusikika redioni ilikuwa finyu. Bara kulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam peke yake. Redio binafsi zilisubiri Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, na Radio One ikaanza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo rapa wa mwaka 1991 alitegemea majukwaa, madisko na kanda zilizopita mkono kwa mkono.

Ushindi wa Yo! Rap Bonanza

Mwaka huohuo Dar es Salaam lilifanyika shindano kubwa la rap lililoitwa Yo! Rap Bonanza, na Saleh J akaibuka mshindi. Alichokuwa nacho cha pekee ni lugha. Alichukua biti ya "Ice Ice Baby" ya Mmarekani Vanilla Ice, akaiwekea maneno ya Kiswahili. Watu walikuwa wanaujua mdundo tayari, ila safari hii walielewa kinachosemwa.

Albamu "Swahili Rap" ilifuata njia hiyohiyo ya maneno ya Kiswahili juu ya ala za Kimarekani.

Kilichofaulu na kilichopwaya

Nguvu ya albamu hii ni wazo lake. Ilionyesha kuwa kijana wa Kitanzania anaweza kusimama jukwaani na kuchana kwa lugha ya nyumbani bila kuonekana mshamba. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Udhaifu wake mkubwa ni biti, kwa sababu hazikuwa zake. Msikilizaji akisikia ala za "Ice Ice Baby", kichwani humjia Vanilla Ice kwanza, Saleh J baadaye. Albamu ya namna hiyo hushindwa kuwa na sauti moja ya msanii mwenyewe.

Tatizo la pili ni la kiufundi, na anayejua ushairi atalielewa haraka. Biti iliyotengenezwa kwa Kiingereza inangoja maneno mafupi. Neno "ice" lina mizani moja, lakini "barafu" lina mizani tatu. Ukitafsiri wazo moja kwa moja, ama unakimbiza maneno, ama unakata wazo njiani.

Vina navyo vina mtego wake. Maneno mengi ya Kiswahili huishia na irabu, na irabu zetu ni tano tu, kwa hiyo kupata mwisho unaofanana ni rahisi mno. Washairi wetu walilijua hilo zamani. Ndiyo maana katika shairi lenye mistari ya mizani 16 huweka vina vya kati na vya mwisho, na kina huwa ni silabi nzima. Rapa anayelinganisha irabu ya mwisho peke yake husikika mwepesi.

Inafaa kuongeza jambo moja kabla ya kumhukumu Saleh J. Vanilla Ice mwenyewe alikuwa ameazima. Mdundo wa "Ice Ice Baby" umetokana na "Under Pressure" ya Queen na David Bowie ya mwaka 1981, na mwanzoni hawakutajwa wala kulipwa, mpaka mambo yakamalizwa kwa makubaliano ya malipo. Wimbo huo ukawa wa kwanza wa rap kushika namba moja katika chati ya Billboard Hot 100, mwaka 1990.

Waliofuata

Mwaka 1993 liliundwa kundi la Kwanza Unit. Mwaka 1995 kijana wa Mbeya, Joseph Mbilinyi, wakati huo akiitwa 2 Proud, alitoa albamu "Ni Mimi", kisha "Ndani ya Bongo" mwaka 1996. Huyo ndiye Sugu, aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Mwaka 2001 Profesa Jay akatoa "Machozi, Jasho na Damu". Kufikia hapo biti zilikuwa zinatengenezwa Dar es Salaam, na mistari inazungumzia maisha ya hapahapa.

Kwa nini tunaikumbuka

Vijana wa Mafia wanaotuletea nyimbo kwenye flash wako karibu na Saleh J kuliko wanavyodhani. Wengi wamepakua biti mtandaoni, wakaingiza sauti kwa simu. Hiyo ni njia halali ya kujifunza, lakini wimbo ukishaanza kuuzwa au kuwekwa YouTube, mwenye biti anaweza kudai haki yake. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ipo kwa ajili ya usajili wa kazi. Kabla ya kutoa wimbo, pata ruhusa ya biti kwa maandishi, au tafuta mtu akutengenezee yako.

Na ukiwa na biti yako, iandikie Kiswahili tangu mwanzo. Kisiwa hiki kina ngoma na mashairi ya kutosha kumfundisha rapa kuhesabu mizani.

"Swahili Rap" si albamu ya kusikilizwa mfululizo bila kuruka wimbo. Ni nusu ya kuazima, nusu ya mwenyewe. Lakini nusu iliyokuwa yake, yaani lugha, ndiyo iliyobaki, na kila anayechana kwa Kiswahili leo anaitumia. Kama nyumbani kwenu kuna sanduku la kanda za zamani, lipekue kabla ya kulitupa.