Kijidudu cha Kipindupindu: Aliyekiona na Aliyekitambua

Mwaka 1854 Filippo Pacini, daktari wa Florence, alipasua maiti za watu waliouawa na kipindupindu, akayaweka matumbo yao chini ya hadubini na kukuta vijidudu visivyo na idadi. Alichapisha alichokiona, na karibu hakuna aliyemsikiliza. Miaka 30 baadaye Mjerumani Robert Koch alitangaza kutoka Calcutta kwamba amepata chanzo cha ugonjwa huo, akarudi kwao akipokewa kama shujaa. Haki ya Pacini ilikuja kwa kuchelewa: mwaka 1965 iliamuliwa rasmi kwamba jina la kisayansi la kijidudu hicho, Vibrio cholerae, liambatane na jina lake na mwaka ule wa 1854. Anastahili. Lakini wanaodai kwamba Koch alivuna asichokipanda hawajatazama ugumu ulikuwa wapi. Tumbo la mtu, awe mzima au mgonjwa, limejaa bakteria za kila namna, na kuiona mojawapo ndani ya maiti hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyoua.

Kazi ya Koch ilikuwa kutenga. Alifika Alexandria Agosti 1883, wakati kikosi cha Wafaransa kilichotumwa na mwanasayansi Louis Pasteur kikiwa kazini huko huko. Mmoja wao, kijana Louis Thuillier, aliugua kipindupindu akafa mwezi uliofuata. Mlipuko ulipopungua Misri, Koch aliufuata ugonjwa India. Silaha yake ilikuwa jelatini iliyochanganywa na lishe ya bakteria. Ndani ya mchuzi bakteria huchanganyikana, lakini juu ya kitu kigumu kila moja huzaana pale ilipoangukia, na kundi lake likachukuliwa peke yake bila wageni. Bakteria aliyokuwa akiitafuta ilijipinda kama alama ya mkato, na ilipoota iliiyeyusha jelatini kuizunguka ikaacha kishimo kidogo. Aliipata kwa wagonjwa wanaohara maji meupe ya kipindupindu. Kwa waliohara kwa sababu nyingine hakuiona. Kisha akaipata katika bwawa ambalo watu walichota maji ya kunywa, na ambamo nguo za marehemu zilikuwa zimefuliwa.

Atakayepinga atamtaja John Snow, ambaye mwaka huo huo wa 1854 aliihusisha pampu ya Broad Street, London, na vifo vya mtaa ule bila kumjua mdudu yeyote. Ni kweli, na Zanzibar tuna mfano wetu: daktari James Christie alifuatilia mlipuko wa 1869 na 1870 kupitia njia za misafara ya bara hadi Pangani na kisiwani, akayaeleza yote katika kitabu chake cha 1876. Ila wote wawili waliusoma ugonjwa kwa kuhesabu waliokufa na kuuliza walikopita. Hawakuwa na njia ya kusema kama maji ya kisima leo ni salama, wala kama abiria anayeshuka chomboni akiwa mzima amebeba ugonjwa tumboni. Swali la namna hiyo hujibiwa maabara, kwa bakteria iliyokwisha kutengwa.

Pingamizi zito zaidi lilitoka Munich. Oktoba 1892 Max von Pettenkofer, mzee wa miaka 73, alikunywa bakteria zilizooteshwa maabara ili kuonyesha kwamba peke yake hazitoshi kuleta kipindupindu, akaharisha kidogo, akapona. Koch mwenyewe alikuwa ameshindwa kuwaambukiza wanyama, jambo lililopungua katika masharti yake mwenyewe ya ushahidi. Jibu la kwanza lilitolewa na Hamburg mwaka huo huo: mji uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja ulizika zaidi ya watu 8,000, huku jirani yake Altona, uliotumia mto ule ule lakini ukichuja maji kwa mchanga, ukinusurika kwa sehemu kubwa. La pili lilisubiri hadi 1959, Sambhu Nath De wa Calcutta alipoonyesha kwa matumbo ya sungura kwamba kinachomkausha mgonjwa ni sumu inayotolewa na bakteria. Aina nyingi za Vibrio cholerae zinazoishi majini hazina sumu hiyo. Ndiyo maana fundi wa maabara akishaiotesha bakteria bado huipima kwa seramu, kujua kama ni ya kundi O1 au O139, makundi yanayoleta milipuko, kabla mlipuko haujatangazwa.