Je, jamii inaweza kuwa salama bila polisi?

Ng'ombe wameibwa usiku. Kituo cha polisi kiko mbali, na ukipiga simu unaulizwa kama una pesa ya mafuta ya gari. Mpaka gari lipatikane, wezi wamevuka mto na nyayo zimefutika. Wasikilizaji wetu wengi wa vijijini wanaijua hali hii vizuri.

Kwa sababu hiyo, hoja inayojadiliwa sana Marekani, kwamba polisi wafutwe na jamii ijilinde yenyewe, si ngeni kijijini kama inavyoweza kuonekana. Kijijini watu wamezoea kulala bila polisi karibu. Linalobaki ni kujua kama wanalala salama, na kwa msaada wa nani.

Katika makala haya tunaeleza hoja hiyo ilitoka wapi, wanaoitetea wanataka nini hasa, na historia ya sungusungu wa Tanzania inatufundisha nini kuhusu faida na hatari zake.

Hoja hii ilipataje nguvu?

Tarehe 25 Mei 2020, katika mji wa Minneapolis nchini Marekani, polisi waliitwa dukani kwa sababu mteja mmoja alishukiwa kulipia sigara kwa noti bandia ya dola 20. Mteja huyo alikuwa George Floyd, mtu mweusi mwenye umri wa miaka 46. Hakuwa na silaha. Polisi mmoja, Derek Chauvin, alimlaza chini akamkandamiza shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika 9, hadi akafa. Mpita njia alirekodi tukio hilo kwa simu, na dunia nzima ikaona.

Chauvin alipatikana na hatia ya mauaji na mwaka 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Lakini waandamanaji wengi walisema kumfunga polisi mmoja hakutoshi. Waliuliza: kwa nini noti ya dola 20 iwaite watu wenye bunduki na pingu?

Tarehe 7 Juni 2020, madiwani 9 kati ya 13 wa Minneapolis walisimama mbele ya umati wakaahidi kulivunja jeshi la polisi la mji huo. Pendekezo la kuweka idara mpya ya usalama wa umma mahali pa polisi lilipelekwa kwa wapiga kura tarehe 2 Novemba 2021, likakataliwa kwa asilimia 56 hivi. Hata mitaa yenye watu weusi wengi, ambayo ndiyo inayoumizwa zaidi na uhalifu, ilikuwa miongoni mwa iliyokataa. Tukumbuke jambo hilo tunapoendelea.

Hoja yenyewe ni ya zamani kuliko kifo cha Floyd. Mwanazuoni Angela Davis aliandika kitabu mwaka 2003 akihoji kama magereza bado yanahitajika. Mwaka 2017 mwalimu wa chuo kikuu Alex Vitale aliandika kitabu kuhusu kukomesha mfumo wa polisi. Na Juni 2020 mwanaharakati Mariame Kaba aliandika katika gazeti la New York Times kwamba wanaposema polisi wafutwe, wanamaanisha hivyo hasa.

Watetezi wake wanasema nini?

Wana hoja kuu nne.

Ya kwanza ni ya historia. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, kabla ya polisi wa leo kulikuwa na doria za kuwasaka watumwa waliotoroka. Afrika Mashariki nasi tuna historia yetu. Askari wa serikali za kikoloni walikusanya kodi, wakawalazimisha watu kufanya kazi, na nchini Kenya wakawakamata Waafrika wasio na kipande. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kumlinda mtawala dhidi ya wananchi. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika, lakini sheria nyingi na mazoea mengi ya kituoni yalibaki.

Ya pili ni kwamba polisi hufika baada ya tukio. Nyumba imeshavunjwa, mtu ameshapigwa. Kinachozuia uhalifu usitokee ni vitu vingine: kazi kwa vijana, chakula nyumbani, shule, taa barabarani, tiba ya ulevi, na majirani wanaojuana. Kwa hiyo, wanasema, fedha ziende huko.

Ya tatu ni kwamba polisi wamebebeshwa kazi zisizo zao. Mgonjwa wa akili anayepiga kelele sokoni, mlevi aliyelala njiani, mume na mke waliogombana, mtoto aliyekimbia nyumbani: wote hawa huitiwa mtu aliyefunzwa kukamata. Akikamata, tatizo huongezeka.

Ya nne ni kwamba marekebisho yamejaribiwa na hayakutosha. Polisi wa Minneapolis walikuwa wamepewa mafunzo na walivaa kamera vifuani. Chauvin alijua kwamba anarekodiwa, na bado hakuondoa goti. Kenya ina mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Hata hivyo, Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga muswada wa fedha, makumi ya watu waliuawa.

Kwa watetezi wengi, kufuta polisi si kufunga vituo vyote kesho asubuhi. Ni safari ya hatua kwa hatua: kazi moja baada ya nyingine inaondolewa kwa polisi na kukabidhiwa watu wanaoifaa, hadi polisi wasihitajike tena.

Ukipiga simu, nani atakuja?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu huuliza, na majaribio ya kulijibu yapo.

Katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, kuanzia mwaka 1989 kulikuwa na huduma iliyojulikana kama CAHOOTS. Mtu akipiga simu ya dharura kuhusu mgonjwa wa akili au mlevi, halikuja gari la polisi. Walikuja watu wawili wasio na silaha, mmoja mhudumu wa afya na mwingine mtaalamu wa kumtuliza mtu aliyechanganyikiwa. Walizungumza naye, wakamtibu au kumpeleka mahali salama. Mtu hakuishia mahabusu.

Denver, jimbo la Colorado, ilianza mpango kama huo Juni 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipoangalia maeneo yaliyohudumiwa, waliona taarifa za makosa madogo zimepungua kwa asilimia 34. Makosa makubwa hayakuongezeka.

Lakini huduma ya Eugene yenyewe, baada ya zaidi ya miaka 30, ilisimama Aprili 2025 kwa matatizo ya fedha. Kazi ya usalama wa jamii inahitaji bajeti ya kudumu kama ilivyo kwa polisi. Moyo wa kujitolea pekee huchoka.

Sungusungu: usalama uliojengwa na wanakijiji

Turudi nyumbani. Miaka mingi kabla ya mjadala wa Minneapolis, Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania walikwishajaribu kuishi bila kumtegemea polisi.

Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe wa kutumia bunduki ukazidi. Polisi walikuwa wachache na wako mbali, na wananchi wengi waliamini kwamba baadhi yao wanakula na wezi. Mshukiwa alipelekwa kituoni asubuhi, jioni akaonekana kilabuni.

Kuanzia mwaka 1981 na 1982 hivi, vijiji vya Kahama na maeneo jirani ya mikoa ya Shinyanga na Tabora viliunda vikundi vya ulinzi. Viliitwa sungusungu, jina la chungu weusi wanaouma. Wengine waliviita basalama, yaani watu wa usalama.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Kila kijiji kilichagua viongozi, wakiwemo mtemi na katibu wake. Ng'ombe wakiibwa, lilipigwa yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano. Kila mwanamume mwenye nguvu alitoka na upinde na mishale kufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji cha pili, kijiji hicho kilipokea yowe na kuendelea na msako. Mwizi alikimbizwa na wilaya nzima, hakuwa na mahali pa kupumzika.

Adhabu zao kubwa zilikuwa faini na kutengwa. Aliyetengwa hakusalimiwa, hakupewa moto wala maji, hakusaidiwa kulima, na akifiwa hakuna aliyekwenda kuzika. Wanakijiji walijua kwamba mtu anaweza kuvumilia jela, lakini kuishi kati ya watu wasiomsemesha ni vigumu zaidi.

Wizi wa mifugo ulipungua sana katika maeneo mengi. Baadhi ya sungusungu walikamatwa na kushtakiwa, lakini Mwalimu Nyerere na viongozi wengine wa chama tawala waliwaona kuwa ni wananchi wanaojilinda, wakawaunga mkono. Utaratibu ulienea mikoa mingine, na mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuwatambua na kuwapa madaraka ya kukamata.

Upande wa pili wa sungusungu

Tungekuwa tunawadanganya wasikilizaji wetu kama tungeishia hapo.

Sungusungu hawakuwasaka wezi peke yao. Tangu miaka ya mwanzo waliwasaka pia watu walioshukiwa uchawi, na wengi wa hao walikuwa wanawake wazee. Katika Usukuma, macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni yalitosha kumtia bibi mashakani. Kuna waliopigwa, kuna waliofukuzwa vijijini kwao, na kuna waliouawa. Washukiwa wa wizi nao waliteswa ili wakiri. Vikao vilikuwa vya wanaume, kwa hiyo malalamiko ya mwanamke yaliamuliwa na watu wasioishi maisha yake.

Hapa ndipo penye hatari ya usalama wa jamii. Jamii ni neno zuri, lakini ndani ya jamii kuna wenye sauti na wasio na sauti. Kikundi kikipewa fimbo bila mtu wa kukihoji, mjane, mgeni na mtu asiye na ndugu ndio wa kwanza kuumia. Na pale hasira inapotangulia ushahidi, tunafika kwa wale ambao magazeti huwaita "wananchi wenye hasira kali", wanaomchoma mtu moto kwa simu ambayo pengine hakuiba.

Watetezi wa dhati wa kufuta polisi wanalipinga jambo hili pia. Wao hawataki kazi ya kupiga na kuua ihamishwe kutoka kwa askari kwenda kwa umati. Wanataka jamii yenye njia nyingine: kusuluhisha, kulipa fidia, kumtibu anayeumwa, kumlinda aliyeonewa.

Hoja inasimama wapi?

Kwa maoni yetu, sehemu moja ya hoja imethibitika. Kuna kazi nyingi ambazo hazihitaji bunduki, na zikifanywa na watu wanaofaa matokeo huwa mazuri. Pia ni kweli kwamba kijiji kilichojipanga huzuia wizi kuliko kituo kilicho mbali.

Sehemu nyingine bado haijajibiwa vya kutosha. Wezi wenye bunduki wakija, au mtu mwenye fedha na ndugu wengi akibaka, nani atamkamata bila kuogopa? Wapiga kura wa Minneapolis waliokataa pendekezo walikuwa na swali kama hilo. Walichukizwa na polisi, lakini hawakuona wazi nani angekuja badala yao.

Kama kijiji chenu kina ulinzi shirikishi, au mnapanga kuuanzisha, mambo haya yajadiliwe mkutanoni kabla ya doria ya kwanza:

Nani anawachagua walinzi, na anaweza kuwaondoaje? Wanawake na vijana wamo katika kamati, au wanapika chai tu? Fedha za michango zinasomwa mbele ya wote? Mlinzi akimpiga mtu, mtu huyo analalamika wapi? Mgonjwa wa akili akikutwa usiku, anapelekwa zahanati au anafungwa kamba?

Na sheria ikumbukwe. Mwananchi anaweza kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa mbele yake, lakini lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza kumtendea mtu kama mwenye hatia kabla haijathibitishwa, na inakataza kumtesa mtu yeyote. Makatazo hayo yanamhusu askari mwenye sare, na yanamhusu vilevile mwanakijiji mwenye upinde.

Ng'ombe akipotea, anaweza kutafutwa au kulipwa. Bibi aliyeuawa kwa kushukiwa haiwezekani kumrudisha. Kijiji kinachotaka kujilinda chenyewe kianze kwa kuhakikisha kwamba bibi huyo naye analala salama.