Mashine ya kupozea stoo ya mvinyo Kigali: mambo ya kuangalia kabla ya kuagiza

KIGALI – Mashine ya kupozea ikishavuka Rusumo au Gatuna, kuirudisha kiwandani ni gharama ambayo mara nyingi hula faida yote. Kwa sababu hiyo, mfanyabiashara anayemletea mteja wa Kigali mashine ya stoo ya mvinyo ya nyumbani anapaswa kupiga hesabu kabla ya kulipa.

Hali inayotakiwa
Mvinyo wa kuweka muda mrefu huhitaji nyuzijoto 12 hadi 14 za Selsiasi zisizopanda na kushuka, pamoja na unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 70. Hewa ikiwa kavu mno, kizibo husinyaa na chupa huingiza hewa. Kigali iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,550, na joto la mchana kwa kawaida hufikia nyuzi 27. Hivyo kazi ya mashine ni ndogo kuliko Dar es Salaam au Mombasa.

Ukuta kwanza, mashine baadaye
Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 2, kimo mita 2.5. Kuta, dari na sakafu ni mita za mraba 37. Ukuta wa matofali matupu huweza kupitisha takriban wati 1,000 za joto wakati nje ni nyuzi 27 na ndani ni 13. Chumba hicho hicho kikizungushiwa povu gumu la polyurethane la sentimita 10, joto linaloingia hushuka hadi wati 130 hivi. Karatasi ya kuzuia mvuke iwekwe upande wenye joto, la sivyo maji yatajikusanya ndani ya povu.

Mzigo mpya nao huongeza kazi. Chupa 500 zilizofika zikiwa na nyuzi 25 huhitaji takriban wati 250 kwa saa 24 ili zishuke hadi 13. Ukijumlisha taa, mlango na akiba kidogo, mashine yenye uwezo wa kupoza wa wati 600, sawa na BTU 2,050 kwa saa, inatosha. Izingatiwe kuwa wati za kupoza si sawa na wati za umeme zinazoandikwa kwenye kibandiko.

Aina zilizopo
Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 9,000 ni rahisi kupatikana, lakini hakifai. Vingi haviwekwi chini ya nyuzi 16, na katika chumba kidogo huwaka na kuzima mara kwa mara na kukausha hewa.

Mashine ya kupachika ukutani huja na gesi tayari na hufungwa kwa urahisi. Hata hivyo, joto lake lazima litoke kwenye nafasi yenye hewa, si korido iliyofungwa. Mashine ya vipande viwili huweka kelele nje, lakini huhitaji fundi wa friji mwenye pampu ya kunyonya hewa. Kwa chupa zisizozidi 100, kabati la friji la mvinyo ni nafuu zaidi.

Umeme, gesi na safari
Umeme wa Rwanda ni volti 230, hezi 50. Mashine za soko la Marekani za volti 115, hezi 60, ziepukwe. Aidha, hewa ya Kigali ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo feni hubeba joto pungufu. Muuzaji aulizwe uwezo wa mashine kwenye mwinuko huo.

Makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yanapunguza gesi za HFC hatua kwa hatua. Kwa Rwanda, kiwango kilisimamishwa mwaka 2024, na punguzo la asilimia 10 limepangwa 2029. Mashine ya R-404A huenda ikawa ghali kuijazia gesi baadaye. R-290 haiguswi na makubaliano hayo, ila huwaka moto na hutaka fundi aliyefunzwa. Mwagizaji aulize REMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu kibali kabla mzigo haujaondoka bandarini.

Kwa wasafirishaji, mashine yenye kompresa isimamishwe wima safari nzima. Ikiwa ililazwa, isiwashwe kabla ya saa 24, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.