Kilichobaki Mlimani

Mtae imekaa juu ya mgongo wa mlima, mwembamba kiasi kwamba nyumba zilizo kushoto mwa barabara na zilizo kulia zote zimeegemea bonde. Chini kabisa ni nyika ya Mkomazi, ng'ambo ni milima ya Upare, na anga ikitakata Kilimanjaro nayo huchungulia. Vitabu vya watalii humfikisha mgeni ukingoni, vikamwonyesha jua linavyozama, kisha vikamwacha hapohapo. Kesho yake mgeni hupanda basi la alfajiri kurudi Lushoto, kiasi cha kilomita 60, akiamini ameimaliza Mtae.

Atakayetaka historia badala ya mandhari aanze na kanisa la Kilutheri. Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, na miaka miwili baadaye wakaja Mtae, wakakiita kituo chao Betheli. Jina hilo halikushika. Wasambaa waliendelea kusema Mtae.

Lakini kilichotoka katika milima hii si kumbukumbu za dini peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mtunza bustani wa Kijerumani, Carl Holst, alizunguka Mlalo na vitongoji vyake akichuma mimea. Kazi yenyewe haikuwa na makuu: tawi lenye ua au tunda hulazwa kati ya karatasi, hukandamizwa, maji yake hunyonywa, karatasi zikilowa hubadilishwa, hadi mmea unakuwa mkavu na bapa. Katika mvua za Usambara kuukausha mmea kabla haujaota ukungu ni shughuli pevu, na mtu yeyote aliyewahi kuanika mahindi Lushoto mwezi wa nne anaijua. Mimea hiyo ilisafirishwa hadi Berlin, ambako wataalamu waliipa majina ya Kilatini. Ndiyo maana mimea kadhaa ya Usambara hadi leo inaitwa holstii. Waliomwonyesha njia msituni hawamo katika majina hayo.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu ya ndege za Uingereza yaliangukia hebaria ya Berlin, ghala lile la mimea mikavu. Sehemu kubwa ikateketea. Matawi yaliyovuka bahari kutoka Mlalo yakawa majivu, isipokuwa yale ambayo nakala zake zilikuwa zimegawiwa hebaria nyingine.

Kwa hiyo anayeshuka kutoka Mtae ana sababu ya kusimama Lushoto mjini, kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI. Pale kuna hebaria. Si mahali pa kupigia picha: ni makabati, na ndani yake majalada, na ndani ya majalada mimea iliyobandikwa kwenye karatasi nzito. Pembeni mwa kila karatasi pana kibandiko kinachotaja jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe na jina la aliyeuchuma. Ni makumbusho kamili, ila hayajawahi kujiita hivyo. Mgeni aombe ruhusa kwanza. Hii ni ofisi ya watu.

Atakayetaka kuifuata zaidi historia hii ya mimea aendelee hadi Amani; njia ya kwenda huko hupita Soni, Mombo na Korogwe hadi Muheza. Karibu na Muheza ni Magila, ambako wamisionari wa Kianglikana walikuwa na kiwanda cha uchapaji. Ndipo kilipochapwa, kwa sehemu kuanzia mwaka 1895, kitabu cha Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, *Habari za Wakilindi*, chenye kisa cha Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyekuja kuwa mtawala wa Usambara. Basi hupita eneo hilo bila kusimama.

Amani yenyewe ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ikiwa taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, chini ya Franz Stuhlmann. Wakapanda miti kutoka kila bara: mikwinini, mipira, mikafuri. Vita vya 1914 vilipofunga njia za meli, Amani ikageuka kiwanda, ikatengeneza kwinini ya askari kutokana na magome ya miti yake. Waingereza wakairithi. Mwaka 1950 hebaria ya Amani ikafungashwa na kupelekwa Nairobi, ambako sasa imo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Anayetaka kuuona mmea mkavu uliochumwa Amani enzi za Mjerumani ni lazima avuke mpaka. Yapo mambo ya Afrika Mashariki ambayo hayakuvunjika na jumuiya ya zamani mwaka 1977. Yalikuwa yamekwisha kuhama kabla.

Miti haikuhamishika. Bado imesimama katika bustani kubwa ya mimea ya Amani, ndani ya hifadhi ya msitu iliyotangazwa mwaka 1997.

Na chini ya Amani, Sigi, imebaki nyumba. Wajerumani walileta hapa reli nyembamba kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya Tanga, ili kuteremsha magogo. Reli iling'olewa zamani. Nyumba ya mkuu wa stesheni ilinusurika, ikakarabatiwa, na leo ni kituo cha habari chenye maelezo kuhusu msitu, wanyama wake na dawa za miti shamba. Mtu aliyesimama barazani haoni tuta wala taluma. Msitu umekwisha kulichukua lililokuwa lake.

Lango la hifadhi nalo lipo Sigi. Magari ya watalii husimama, dereva hushuka kulipa kiingilio, abiria hunyoosha miguu na kupiga picha kipepeo, risiti hutoka, na gari huanza kupanda kuelekea Amani. Mlango wa nyumba ya stesheni uko hatua chache kutoka hapo.