Lango la mgonjwa: istilahi na kazi yake

Lango la mgonjwa ni mfumo wa kielektroniki unaomwezesha mtu anayetibiwa kufungua jalada lake mwenyewe: kusoma majibu ya maabara, kuona dawa alizoandikiwa, kuomba siku ya kliniki, na kumwandikia mhudumu wa afya akajibiwa. Tovuti ya hospitali humwonyesha kila mtu habari zilezile. Lango hufunguliwa kwa nywila, na anayeingia hukuta habari zake peke yake. Miongoni mwa malango ya mwanzo ni lile la hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, lililoanza mwaka 2000. Estonia ilizindua mfumo wa taifa zima mwaka 2008.

Maneno matatu yanawania nafasi hii katika Kiswahili. Tovuti limezoeleka, na Serikali ya Tanzania ina Tovuti Kuu yake, lakini neno hilo halidokezi kwamba jalada limefungwa kwa wengine. Dirisha linavutia zaidi, kwa kuwa mgonjwa wa Tanzania analifahamu dirisha la dawa, la malipo na la wazee. Tatizo ni kwamba dirishani mtu husimama nje akapewa, langoni huingia. Lango ndilo bora. Sehemu ya pili ya istilahi ina ugumu wake: mjamzito na mtoto wa chanjo si wagonjwa, na katika kliniki za tiba na matunzo ya VVU wahudumu husema mteja. Lakini mteja lina harufu ya biashara, na haki zinazodaiwa huitwa haki za mgonjwa. Mgonjwa libaki, likimaanisha yeyote mwenye jalada.

Katika vituo vya afya kama Kaloleni na Levolosi jijini Arusha, au zahanati za miteremko ya Mlima Meru, sehemu ya kazi ya lango imefanywa kwa miaka mingi na karatasi. Kadi ya mjamzito, kadi ya mtoto na kadi ya CTC1 ya anayehudhuria kliniki ya VVU hukaa nyumbani kwa mwenyewe, zikiwa na vipimo vyake na tarehe ya kurudi. Upande wa kituo kuna madaftari ya MTUHA, yaani ya kukusanyia taarifa za huduma za afya, na baadaye ukaja mfumo wa GoTHOMIS wa kusajili wagonjwa, huduma na malipo.

Arusha ilitangulia mikoa mingine katika jambo moja kubwa. Kupitia mpango wa BID wa kuboresha takwimu za chanjo, ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la PATH, mkoa huu ulikuwa wa kwanza nchini kuwekewa rejesta ya kielektroniki ya chanjo. Tanga na Kilimanjaro zikafuata. Faida yake inaonekana wazi kwa familia za wafugaji. Mtoto aliyechanjwa zahanati moja, familia ikahamia malisho mengine, hutambuliwa kwenye zahanati ya pili, na muuguzi huona dozi iliyorukwa. Hata hivyo rejesta hiyo ilijengwa kwa ajili ya muuguzi. Mama aliendelea kubaki na kadi tu. Ikiloa au ikiungua, hakuwa na njia ya kuitazama rekodi ya mwanawe bila kupanga foleni.

Njia ya kumfikia mama huyo ilikwisha jaribiwa. Huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, ilimtaka mzazi atume neno MTOTO kwenda 15001, naye akapokea bure ujumbe unaolingana na umri wa mimba. Haikuwa lango, kwa kuwa haikugusa jalada lake, lakini ilifika hata kwenye kiswaswadu, yaani simu ya kawaida isiyo janja. Menyu ya huduma za serikali ya *152*00# nayo haihitaji intaneti. Lango la wakazi wa Ngaramtoni au Tengeru, mkoani Arusha, lipite huko, pamoja na simu janja.

Lengo la lango huitwa ushirikishaji wa mgonjwa, na lisichanganywe na uhamasishaji. Anayehamasishwa huambiwa aje kliniki. Anayeshirikishwa huuliza kwa nini, hukataa tarehe asiyoiweza, husahihisha kilichoandikwa vibaya. Hilo linadai muuguzi aliyetengewa muda wa kujibu, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii atakayemfafanulia kwa Kimaasai au Kimeru asiyesoma Kiswahili. Linadai pia siri. Simu nyingi hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na majibu ya VVU yakitokea kwenye simu iliyo mkononi mwa mwingine huweza kuvunja nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake na inakibana kituo kuzilinda.

Kwa Arusha, mahali pa kuanzia ni chanjo za watoto. Rekodi zilikwisha wekwa kwenye mfumo, siri yake si nzito kama ya majibu ya VVU, na wazazi wameizoea kadi. Wafunguliwe lango.